Mukau: Usiuze Mbao kwa Bei ya Kuni

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Wakulima wenzangu wa skimu, mwezi huu nataka kuwaeleza habari za mti ambao wengi wenu wa nchi kavu mnao mashambani, au mlikuwa nao kabla ya kufyeka. Huku Ukambani jina lake ni mukau. Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe, maana mwalimu anayeficha kosa lake hufundisha nusu ya somo.

Mwezi wa Februari mwaka 2018 Serikali ilikataza kwa muda ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mbao zikaadimika, bei ikapanda. Wafanya biashara ambao zamani hawakujua hata njia ya kuja kwetu wakaanza kupita mashambani na malori wakitafuta miti. Mmoja wao alifika kwa mama mjane, jirani yangu. Marehemu mumewe alipopewa shamba lile alikuta mikau minne imesimama, naye alipofyeka akaiacha. Yule mfanya biashara aliitazama miti, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, miti hii haina jina mjini. Nitaichukua kama kuni tu." Kwa miti mitatu akatoa fedha za kununua magunia mawili ya mahindi. Mti wa nne ulikuwa umepinda, hakuutaka.

Yule mama alikuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Akakubali. Wakaniita mimi niandike hati, kwa kuwa ni karani na hapo zamani nilisomea ualimu. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Miti mitatu ya kuni." Sikuuliza ni miti gani, wala sikuipima. Nilitazama tarehe na sahihi tu, nikaenda zangu.

Baada ya miezi mitatu nilikwenda mjini kununua bawaba. Kwa seremala mmoja niliona milango miwili imeegemezwa ukutani, mbao zake nyekundu za kahawia, laini kama zilizopakwa mafuta. Nikauliza ni mbao gani. Fundi akajibu, "Ni mukau wa kwenu, Bwana Karani. Lakini mteja nikimwambia mukau hanielewi, basi wengine huuza kwa jina la mahogani." Bei ya mlango mmoja ilipita fedha zote alizopata mama yule kwa miti yake mitatu.

Nilirudi nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Karani, mimi niliujua mti, na wewe ulijua hesabu. Mbona hatukukaa pamoja kabla ya kuandika?" Neno hilo limenikaa moyoni hata leo, na ndiyo sababu ya makala haya.

MTI HUU NI WA NAMNA GANI?

Wataalamu huuita Melia volkensii. Ni wa ukoo mmoja na mahogani na mwarobaini. Huota wenyewe katika nchi kavu za Kenya, Tanzania, Ethiopia na Somalia, wala hauoti kwa asili penginepo duniani. Hustahimili mahali penye mvua ya milimita 300 hadi 800 kwa mwaka, ambapo miti mingi ya mbao hushindwa.

Mbao zake huranda vizuri na mchwa huzishinda kwa shida. Wazee wa Kikamba walilijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana walichonga mizinga ya nyuki kwa gogo la mukau, na mzinga hukaa juu ya mti miaka mingi. Majani yake hutoka mwishoni mwa kiangazi, wakati nyasi zimekwisha, na mbuzi huyala. Maua yake hupendwa na nyuki. Tena mti huu hukua upesi: ukitunzwa vema, katika miaka 10 hadi 15 huweza kupasuliwa mbao.

Basi mti wenye sifa hizi zote unakosaje jina mjini? Sababu ni kwamba soko la mbao hufuata mazoea. Fundi hununua mti aliofundishwa na bwana wake, na mteja hutaja mti aliouona kwa jirani. Mti ambao haukuwahi kupelekwa mjini kwa wingi hubaki kuitwa "mti wa porini", hata ukiwa bora kuliko ule unaosifiwa. Anayejua ubora wake hununua kwa bei ya mti wa porini, kisha akauza kwa bei ya mti wenye jina. Faida yote iko katika tofauti ya majina hayo mawili, na anayeilipa ni mkulima.

MITI YENYE JINA IMEPUNGUA

Kuna jambo la pili. Miti yenye majina makubwa imekatwa mno. Muthaiti wa Mlima Kenya, ambao wafanya biashara huuita kafuri, ni mfano. Mwaka 1999 watu walizunguka mlima ule kwa ndege wakihesabu uharibifu, wakaona zaidi ya mikafuri 6,700 imekatwa. Mti wa namna ile haukui kwa miaka 10 wala 20. Muiri nao uliviziwa kwa ajili ya gamba lake, ambalo hupelekwa ng'ambo kutengenezea dawa ya wanaume wazee. Mti unaochunwa gamba pande zote hufa umesimama. Tangu mwaka 1995 biashara ya muiri kati ya mataifa inasimamiwa kwa mapatano maalumu.

Mtu akisikia haya huenda akasema, "Vema, basi tuuze mukau, miti ya watu wengine ipumzike." Ni kweli kwamba tukitumia miti ya aina nyingi, mzigo hauangukii aina moja. Lakini mukau ukipata jina bila kupata mpandaji, utakwisha kama muthaiti. Huku kwetu tuliona jambo hilo kwa macho yetu. Tulipogawiwa mashamba tulifyeka kwa haraka ili tupande mahindi, na mikau mingi ilichomwa pamoja na vichaka. Leo mwenye shamba hilo hilo hununua mbao laini zilizotoka mbali, akaezeka nyumba, na mchwa wakazila kabla mkopo haujalipwa.

MBEGU YAKE NI NGUMU

Watu wengi hujaribu kupanda mukau mara moja, wakashindwa, wakasema mti huu haupendi kupandwa na mtu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilizika debe zima la kokwa katika kitalu, nikamwagilia kila jioni, na hapana hata moja iliyoota. Makosa yalikuwa yangu. Mbegu ya mukau imefungwa ndani ya kokwa ngumu kama jiwe, na maji hayaingii kwa urahisi. Njia iliyo njema ni hii:

Kwanza, okota matunda yaliyokomaa chini ya mti, au kusanya kokwa bomani, maana mbuzi hula tunda na kuacha kokwa. Usiokote chini ya mti mmoja tu. Chukua kutoka kwa miti mingi iliyonyoka na yenye afya, iliyo mbalimbali. Watoto wa mama mmoja wakija kuzaana wenyewe kwa wenyewe, kizazi hudhoofika, kama ilivyo kwa ng'ombe.

Pili, anika kokwa zikauke, kisha ziweke juu ya gogo, upasue kwa kisu kizito na nyundo ndogo ya mti. Pasua polepole, mbegu zilizo ndani zisikatike.

Tatu, kata ncha ya mbegu kidogo sana kwa wembe, uiloweke katika maji baridi usiku kucha. Asubuhi pasua ngozi yake kwa urefu, bila kuumiza kiini.

Nne, ipande katika mchanga safi uliokaangwa motoni ili kuua ukungu, ufunike kitalu kwa karatasi ya nailoni ili joto na unyevu vikae ndani. Mbegu nzuri huota ndani ya majuma mawili ya kwanza. Maji yawe ya kiasi. Ukungu umeua miche mingi kuliko kiu.

Asiyeweza kazi hii asikate tamaa. Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, yaani KEFRI, iliyoanzishwa mwaka 1986, imefanya kazi kubwa juu ya mti huu huko Kitui. Wakishirikiana na wataalamu wa Kijapani, walichagua miti mama iliyo bora katika nchi kavu, wakapanda bustani za mbegu huko Tiva na Kibwezi. Vikundi vya wakulima vikiungana, hupata miche kwa urahisi kuliko mtu mmoja mmoja.

KUUPANDA NA KUUTUNZA

Chimba mashimo wakati wa kiangazi, upana futi 2 na kina futi 2, urudishe udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Panda mvua za Oktoba na Novemba zinapoanza, maana kwetu ndizo za kutegemewa zaidi. Kati ya mche na mche acha mita 4, yaani futi 13 hivi. Zungushia miiba. Mbuzi hajui tofauti ya mche wako na jani la porini.

Kazi iliyo muhimu kuliko zote ni ndogo, na yaweza kufanywa na mtoto. Mche unapokua hutoa machipukizi ya kando. Yaondoe kwa vidole yangali mabichi, kila juma unapopita, mpaka shina lifike mita 3 au 4 likiwa safi. Ukiliacha chipukizi likawa tawi, kisha ukalikata kwa panga, utaacha kidonda, na kidonda hicho kitakuwa fundo katika ubao. Mti uliotunzwa kwa vidole hutoa ubao safi, na mti uliotunzwa kwa panga hutoa ubao wa mafundo.

Hapa yafaa niseme kweli. Wakulima wengi husema mukau haudhuru mahindi. Lakini wachunguzi waliochimba mizizi yake huko Kibwezi waliona mingi imetambaa karibu na uso wa nchi, na mazao yaliyo karibu na mti hupungua. Kwa hiyo usiutawanye katikati ya mahindi ukitumaini kupata vyote kwa ukamilifu. Utengee mahali pake, au uupande mpakani.

KUKATA KWA ZAMU

Sasa nawaomba wasomaji wachukue kalamu, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkulima akipanda mikau 10 kila mwaka kwa muda wa miaka 12, atakuwa na miti 120. Kwa nafasi ya mita 4 kwa mita 4, kila mti hutumia mita 16 za mraba. Miti yote 120 itachukua mita 1,920 za mraba, ambazo hazifiki nusu eka. Mwaka wa 13 akate ile 10 ya kwanza, apande mingine 10 mahali pake. Mwaka wa 14 akate 10 ya pili, apande tena. Kwa njia hii kila mwaka ana miti 10 ya kukata, na 110 imesimama. Akikata vivyo hivyo mpaka mjukuu wake, shamba halitakuwa tupu hata siku moja.

Kukata kwa zamu ndiko wakubwa wa misitu wanakoita usimamizi endelevu. Maana yake ni nyepesi: usikate kuliko kinachokua. Tena miti mitano au sita iliyonyoka kuliko yote usiiuze kamwe. Hiyo ni miti mama, ambayo mbegu hutoka kwayo. Mfanya biashara siku zote huanza kwa ule ulio mzuri kuliko yote, akauacha uliopinda. Tukimfuata yeye, miaka ijayo mbegu zetu zote zitatoka kwa miti iliyopinda.

Ikiwa nchi yako haitoshi nusu eka, panda miti 3 kwa mwaka. Hesabu ni ile ile.

KABLA YA KUUZA

Usiuze mti umesimama bila kuupima. Zungusha kamba penye kifua cha mtu, kisha uipime kamba kwa futi kamba. Tuseme gogo lako ni la urefu wa futi 8, na mzunguko wake kwenye ncha nyembamba ni inchi 41. Basi kipenyo chake ni inchi 13 hivi, na ukilichonga likawa la mraba utapata inchi 9 kila upande. Ukihesabu na unga unaopotea kwa msumeno, gogo hilo hutoa mbao 7 za inchi 9 kwa 1. Mbao 7 mara futi 8 ni futi 56. Uliza bei ya futi moja ya ubao wa namna hiyo mjini, utoe gharama ya mpasuaji na gari, ndipo utajua bei ya gogo lako. Mfanya biashara ameshafanya hesabu hiyo kichwani kabla hajakuamkia.

Iliyo bora zaidi ni kupasua wenyewe kwa pamoja. Wakulima watano wamwite mpasuaji mmoja, mbao zipangwe kivulini na vijiti kati yake ili hewa ipite, zikauke zisipinde, kisha ziuzwe zikiwa mbao. Na mkiziuza, ziiteni mukau. Msikubali ziitwe mahogani. Jina la uongo humfaa mwuzaji wa leo, lakini mti hauwezi kupata bei yake mpaka upate jina lake.

Kumbukeni pia sheria. Kabla ya kukata, mwone afisa wa misitu aliye karibu nawe, akueleze kibali kinachotakiwa. Mbao haziendi barabarani bila kibali cha kusafirisha kutoka Huduma ya Misitu, yaani KFS. Mtu asiye na kibali hulazimika kuuza usiku, na anayeuza usiku hachagui bei.

NANYI WA NCHI ZA BARIDI

Wasomaji wa skimu za Nyandarua, Meru na Bonde la Ufa wasidhani habari hii si yao. Mukau hauwafai wale wa nchi za baridi, lakini wao pia wana miti isiyosifiwa. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya kuna muuru, mti wa huko huko mlimani, wenye mbao nzuri za meza na viti. Kuna muringa, unaotoa mbao nzuri za samani na kivuli cha kahawa. Nyanza na Magharibi kuna siala, unaojenga nyumba na mitumbwi. Kila mahali Mungu ameweka mti wake, na kila mahali yupo mtu anayeukata ukiwa kuni kwa kutoujua.

Mwaka 2009 Serikali ilitoa kanuni za kilimo cha miti, kwamba mkulima atenge sehemu ya 10 kwa 100 ya shamba lake kwa miti, na Katiba ya mwaka 2010 inaitaka nchi nzima ifikie angalau kiasi hicho cha miti. Wengi huona sehemu hiyo ni hasara waliyolazimishwa. Ukiipanda miti inayojulikana ubora wake, ukaikata kwa zamu, sehemu hiyo huenda ikawa ndiyo inayolipa karo wakati mahindi yameungua kwa jua.

Namalizia kwa mama yule. Ule mukau wa nne, uliopinda, bado umesimama karibu na boma lake. Haukupinda kwa uzao, bali kwa kuwa ng'ombe aliulalia ukiwa mdogo, na matunda yake ni mengi. Kikundi cha kina mama huokota kokwa zake, wakazichanganya na za miti mingine kumi iliyobaki katika skimu, na yeye ndiye mpasuaji wao hodari, kwa maana mkono wake hauna haraka. Mipakani mwa shamba lake kuna mikau michanga iliyosimama kama fimbo, kila shina safi kuanzia chini.

Mwezi uliopita lori lilipita tena. Dereva akamwuliza kama anauza kuni. Akamjibu, "Kuni sina. Nina mukau, nao haujafika zamu yake." Kisha akanituma mtoto niende na futi kamba na daftari, ili hesabu ikae tayari siku hiyo itakapofika.

Nimeipima miti yake yote. Nawe, mkulima mwenzangu, ipime yako kabla mtu mwingine hajakupimia.